Kitanda cha Mgonjwa na Meza ya Maabara



Katika familia zetu kuna neno moja linalobebeshwa matumaini mengi kupita nguvu zake, nalo ni neno «dokta». Mama akiwa sokoni huwaambia wenzake kwamba mwanawe anasomea udokta. Baba katika kikao cha ukoo hutangaza kwamba sasa nasi tutapata dokta wetu. Lakini neno hilo tumelipokea kutoka Kifaransa likiwa na watu wawili ndani yake. Yuko dokta anayevaa koti jeupe na kutibu, yule ambaye mitaani tunamwita munganga. Tena yuko dokta aliyeandika tasnifu, akaitetea mbele ya maprofesa, akapewa daraja la juu kabisa la chuo kikuu. Huyo kwetu huitwa «docteur à thèse» ili asichanganywe na mwenzake. Diploma ya tiba nayo, kadiri ya mapokeo ya vyuo vikuu vyetu, imeandikwa udaktari: daktari wa tiba, upasuaji na uzalishaji. Ndiyo maana kijana aweza kuwaambia wazazi wake kwamba atakuwa dokta, wakashangilia, na baada ya miaka mitano wakatambua kwamba wao na yeye hawakuwa wakizungumza juu ya mtu mmoja.

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, vijana wa shirika letu huja kutuuliza sisi wakubwa: niingie katika tiba, au niendelee na sayansi hadi doktora ya utafiti? Nitasema maoni yangu tangu sasa, ili msomaji asinitafute mwishoni. Naona tunawasukuma wengi mno katika tiba kwa sababu zisizohusu wagonjwa, na tunawaacha wachache mno waingie katika utafiti, tukidhani kwamba utafiti ni starehe ya nchi tajiri. Tena naona swali lenyewe huulizwa vibaya. Wazazi huuliza ni kazi ipi iliyo kubwa. Kijana mwenyewe huuliza ni ipi itakayomlisha. Ni mara chache kusikia mtu akiuliza: wewe, ukikutana na jambo usilolijua, unafanya nini?

Nieleze maana yangu. Masomo ya tiba kwetu hayapungui miaka sita. Mwaka wa kwanza hukusanya umati mkubwa, na wengi wao huishia hapo. Wanaobaki hujifunza anatomia, fiziolojia, biokemia, dawa na vipimo vyake. Hujaza vichwa vyao elimu ambayo wengine wameivuna kwa karne nyingi. Kisha huingia hospitalini, hufuatana na wakubwa wao kutoka kitanda hadi kitanda, hukesha zamu za usiku. Yote hayo ni maandalizi ya jambo moja, yaani kuamua. Usiku wa manane mama analetwa juu ya pikipiki, amejifungua nyumbani na damu haikomi. Daktari hana ruhusa ya kusema, «Nipeni wiki mbili nisome zaidi.» Lazima aamue sasa, kwa elimu aliyo nayo, kwa dawa zilizomo kabatini, na mara nyingi kwa mwanga wa simu ya mkononi. Asipojua, bado lazima atende. Kutojua kwake kunapimwa kwa dakika.

Mtafiti husafiri kuelekea upande mwingine. Yeye huanzia pale vitabu vinapoishia. Katika utaratibu wa zamani alipita miaka mitatu ya graduati na miwili ya lisanse, kisha masomo ya kina, ndipo tasnifu. Sasa tumeletewa utaratibu mpya wa lisanse, masta na doktora, lakini kiini hakijabadilika. Anachagua swali moja ambalo hakuna aliyelijibu. Swali hilo huwa dogo kiasi cha kuchekesha watu wa nyumbani: kwa nini mbu wa kijiji hiki hawafi kwa dawa iliyowaua wa kijiji kile? Ataishi na swali hilo miaka minne, sita, pengine kumi. Siku nyingi hatapata lolote. Jaribio litaharibika kwa sababu umeme umekatika na friji imepata joto. Na ile siku atakayodhani amepata jibu, kazi yake ya kwanza itakuwa kujaribu kulivunja mwenyewe kabla wengine hawajalivunja. Huyu kutojua kwake kunapimwa kwa miaka, na asipoweza kuvumilia atafanya moja kati ya mawili: ataacha, au atadanganya. La pili ndilo baya zaidi, maana kosa la daktari humwangukia mtu mmoja mwenye jina na ndugu wanaolia mlangoni, bali uongo wa mtafiti huwaangukia wengi na huonekana wakati umekwisha kupita.

Basi hizo ni subira za namna mbili. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, nami najua kwamba si rahisi kuziona katika cheti cha mtihani wa serikali. Asilimia themanini haisemi lolote juu yake.

Ili tusibaki katika maneno matupu, tumtazame mtu wa nchi yetu ambaye jina lake sote tunalijua. Profesa Jean-Jacques Muyembe alizaliwa mwaka 1942 huko Bandundu. Alisomea tiba katika chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Angeweza kuishia hapo. Nchi ilikuwa na kiu ya madaktari, na heshima yake ilikuwa tayari mikononi. Yeye akaenda Leuven, Ubelgiji, akafanya doktora juu ya virusi, akaimaliza mwaka 1973, akarudi nyumbani. Naomba mfikiri kidogo jinsi jambo hilo lilivyoonekana wakati ule. Daktari kamili anawaacha wagonjwa ili kuchungulia vitu visivyoonekana kwa jicho! Nadhani hata katika ukoo wake hawakukosekana watu wa kuuliza kama kijana yu mzima.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ukalipuka Yambuku, katika jimbo la Équateur. Wengine walisema ni homa ya matumbo, wengine homa ya manjano. Muyembe akatumwa kwenda kutazama. Alipowatoa wagonjwa damu aliona jambo lililomshangaza: alipochomoa sindano, damu iliendelea kutiririka kutoka katika tundu lile dogo, ikamwagika juu ya vidole vyake visivyo na glavu. Alinawa kwa maji na sabuni, basi. Mtawa mmoja mgonjwa akasafirishwa pamoja naye hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, kwa sababu hapa kwetu hapakuwa na maabara yenye uwezo wa kuichunguza. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyokuja kuijua Ebola. Watu 318 waliugua katika mlipuko ule, na 280 walikufa.

Nina jambo la kusema juu ya Yambuku ambalo kwetu sisi waumini si jepesi. Hospitali ile ilikuwa ya watawa. Walikuwa wametoa maisha yao, na kadhaa wao walikufa pamoja na wagonjwa wao. Hakuna mwenye haki ya kuwatia mashaka ya upendo. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba sindano tano tu ndizo zilizotolewa kila asubuhi kwa wagonjwa, zikachoma huyu na yule bila kuchemshwa ipasavyo kati yao, na kwa njia hiyo ugonjwa ukasambaa kutoka hospitalini kwenda vijijini. Watu walikuja kutafuta uzima, wakapewa sindano kwa mkono wenye huruma, wakarudi nyumbani na mauti. Mkono ule haukukosa wema. Ulikosa elimu ambayo mtu fulani, mahali fulani, ilimpasa kwanza kuitafuta, na vifaa ambavyo mtu fulani ilimpasa kuvileta. Kila ninapomsikia mzazi akisema kwamba utafiti si kazi ya kusaidia watu, namkumbuka yule aliyeketi kuhesabu sindano za Yambuku.

Turudi kwa Muyembe. Mwaka 1995 Ebola ikaingia Kikwit. Hapakuwa na dawa. Akafikiri kwamba damu ya waliopona yaweza kuwa na askari waliokwisha kumjua adui, na pamoja na wenzake akawapa wagonjwa wanane damu ya waliopona. Saba wakaishi. Mtu mwingine angesema: tumepata dawa, tufunge mjadala. Lakini wataalamu wengine waliuliza swali ambalo kwa masikio ya familia za wagonjwa lilikuwa kama tusi: mnajuaje kwamba wale saba wasingepona hata bila damu hiyo? Walitibiwa mlipuko ukikaribia kwisha, wakati uangalizi ulikuwa umekuwa bora. Nao walikuwa wamestahimili siku kadhaa za ugonjwa, na anayestahimili siku hizo tayari ana tumaini zaidi. Swali lile lilikuwa la haki. Jibu lake lilichukua miaka ishirini na minne.

Damu ya mtu aliyepona Kikwit ilitoa, baada ya kazi ndefu ya maabara, dawa iliyoitwa mAb114. Wasomaji wa Beni na Butembo hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata: Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu Kaskazini, na kabla ya kwisha mwezi Juni 2020 ilikuwa imewachukua zaidi ya watu 2,200. Katikati ya hofu hiyo, na ya milio ya risasi, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingizwa katika jaribio la dawa nne, na aliyepewa hii au ile aliamuliwa kwa bahati, wala si kwa cheo wala kwa undugu. Matokeo yalipotazamwa Agosti 2019, dawa mbili zilikuwa zimeshinda waziwazi, na mAb114 ilikuwa mojawapo. Kati ya waliopewa dawa hiyo, takriban 35 kwa mia walikufa. Kati ya waliopewa dawa ya kulinganishia, karibu nusu. Na waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyekufa. Tena safari hii damu haikulazimika kupanda ndege hadi Ulaya ili watu waambiwe wanaugua nini: maabara za INRB, taasisi ambayo Muyembe alikuwa akiiongoza tangu 1998, zilitoa majibu kulekule.

Nimekaa sana juu ya kisa hiki kwa sababu kinanisaidia kuwajibu wazazi wa pande zote mbili. Kama Muyembe asingekuwa daktari, pengine asingetumwa Yambuku, wala asingejua kusoma uso wa mgonjwa. Kama angebaki daktari tu, angewahudumia wagonjwa wa Kinshasa kwa uaminifu, na tundu lile la sindano lisiloacha kutoa damu lingekuwa kwake jambo la kutisha, bila kuwa swali.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na jikoni kwetu. Huko Kwango na sehemu jirani watoto na akina mama wa uzazi huamka asubuhi moja miguu imekakamaa, wasiweze tena kutembea kama jana. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina la Kiyaka linalomaanisha miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliueleza kwa maandishi mwaka 1938. Ukishampata mtu, haumwachi. Hakuna dawa ya kuiregeza ile miguu. Mpelekee madaktari mia wenye moyo wa dhahabu, watakachoweza ni kumpa fimbo ya kutembelea.

Jibu lilitoka kwa watu waliokubali kupoteza miaka yao juu ya muhogo. Mmoja wao alikuwa daktari wa Sweden, Hans Rosling, aliyekuwa mganga wa wilaya ya Nacala, Msumbiji, na mwaka 1981 akawaona watu wengi wakipooza katika ukame. Alirudi kwao akaifanya habari hiyo kuwa doktora yake, akaimaliza Uppsala mwaka 1986. Yeye, na watafiti wengine pamoja na Wakongomani, walionyesha kwamba chanzo ni sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, hasa kwa mtu asiyepata mboga za kunde wala nyama wala samaki. Mama zetu wanajua kuulowesha muhogo siku tatu hivi. Lakini barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, wanunuzi wakawa na haraka, na siku tatu zikapunguzwa hata kufikia moja. Ni nani angewaza kwamba barabara nzuri yaweza kufunga miguu ya watoto? Baadaye ikapatikana njia nyepesi mno: kuloanisha unga wa muhogo, kuutandaza mwembamba juu ya mkeka, kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ikapaa hewani, kisha kusonga bugali kama kawaida. Mwaka 2010 akina mama wa Kay Kalenda, eneo la Popokabaka, walianza kufundishwa hivyo, na wagonjwa wapya hawakuonekana tena kijijini. Hakuna kidonge, hakuna sindano, hakuna kisu. Elimu tupu, iliyopita mikononi mwa wanawake wanaojua unga kuliko profesa yeyote.

Sasa niseme juu ya kikao nilichoitwa mwaka huu. Binti mmoja wa jumuiya yetu amemaliza lisanse ya biolojia kwa sifa kubwa. Kazi yake ya mwisho ilihusu vijidudu vya maji ya visima katika mtaa ambao kipindupindu hakikauki. Profesa wake amemwambia kwamba akikubali nafasi ya usaidizi, aweza kuendelea na swali hilohilo hadi doktora. Wakati huohuo kitivo cha tiba kiko tayari kumpokea aanze. Mjomba wake, ambaye ndiye amelipa masomo tangu baba alipofariki, anataka tiba.

«Papa katekista,» mjomba aliniambia mbele ya wote, «nimelipa miaka mitano nikingoja mtoto wa kutupima damu. Leo naambiwa anataka kupima maji.»

Tulicheka, lakini yeye hakuwa na mzaha. Dada yake, mama wa binti, ana ugonjwa wa sukari. Kila mara anapozidiwa, wanazunguka mjini wakitafuta daktari wa kumwamini. Mtu aliyelipa karo kwa kuuza mbao hana deni la kunieleza kwa nini anamtaka daktari nyumbani mwake. Wale wanaowabeza wazazi wa namna hii, wakisema hawaelewi sayansi, naona wanakosa adabu.

Binti alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: «Mjomba, nikimwona mgonjwa wa kipindupindu nasikia huruma kama ninyi. Lakini nikilala usiku, kinachoninyima usingizi ni kile kisima.»

Nikamwambia mjomba kwamba kwa maoni yangu amwache aende kwenye kisima chake. Nilimwambia pia kwamba huruma ya mpwa wake haijapungua kwa kuwa haina kitanda cha mgonjwa mbele yake. Mama mwenye sukari anahitaji daktari, kweli. Lakini daktari huyo si lazima awe binti yake, na yafaa asiwe, maana ni vigumu kumwandikia mama yako dawa kwa mkono usiotetemeka. Mjomba hakukubaliana nami. Alisema nafikiri kama mwalimu. Hapo sikuweza kumpinga.

Si kwamba ningemwambia kila kijana hivyo. Yupo mwingine, mvulana, ambaye tukienda kuwatembelea wagonjwa yeye ndiye anayekumbuka kuuliza kama mgonjwa amekula, anayeona kwamba shuka halijabadilishwa, asiyechukizwa na harufu ya kidonda. Shuleni si wa kwanza wala wa mwisho. Huyu ningemsindikiza mwenyewe hadi mlango wa kitivo cha tiba, kwa sharti kwamba aongeze bidii katika kemia. Na yupo wa tatu, mwenye akili nyepesi, anayetaka doktora ya utafiti kwa kuwa anaogopa damu na anapenda kuitwa profesa. Kuogopa damu si wito wa maabara, na maabara nyingine zina damu nyingi kuliko hospitali.

Juu ya fedha tusidanganyane. Wapo madaktari vijana waliokaa hospitalini muda mrefu bila namba ya utumishi wa serikali, wakiishi kwa kugawana kile ambacho wagonjwa wamelipa. Wapo pia wasaidizi wa vyuo vikuu walioota mvi kabla ya kutetea tasnifu, kwa sababu wamepewa saa za kufundisha bila kupewa muda wala vifaa vya kuchunguza, na bila doktora mlango wa uprofesa haufunguki. Ukiniuliza ni nani kati yao atakayewahi kuwalipia wadogo zake masomo, nitasema daktari. Hata akikosa mshahara, ujuzi wake unauzika siku ileile. Elimu ya mtafiti haiuziki hivyo mtaani. Familia yenye watoto sita nyuma ya mkubwa ina haki ya kuliweka jambo hilo mezani, na kijana ana wajibu wa kulisikiliza bila kukunja uso.

Wengine huniuliza: kwa nini asifanye vyote viwili? Inawezekana, na njia ya kawaida kwetu ni kuanza na tiba kisha kuingia katika utafiti, maana kurudi kutoka doktora hadi mwaka wa kwanza wa anatomia kunahitaji moyo wa chuma. Dokta Denis Mukwege alipata diploma ya tiba huko Burundi mwaka 1983. Alikuwa amewaza kuwatibu watoto. Alipofika hospitali ya Lemera akaona jinsi akina mama walivyoteseka katika kujifungua, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi. Hospitali ya Panzi ilianza mwaka 1999. Doktora yake ya utafiti, juu ya fistula za wanawake wa mashariki mwa Kongo, aliitetea Bruxelles mwezi Septemba 2015, akiwa na miaka sitini. Swali lake lilitoka katika vitanda alivyovihudumia, wala hakulitafuta katika vitabu. Na sisi walei tunaye Mtakatifu Giuseppe Moscati wa Napoli, aliyefundisha kemia ya mwili, akaandika makala za uchunguzi, na wakati uleule akawatibu maskini bila malipo. Alitangazwa mtakatifu mwezi Oktoba 1987, maaskofu wakiwa katika sinodi juu ya walei. Lakini tusiwatwike vijana wote mzigo wa watu kama hao. Anayesema atafanya vyote viwili mara nyingi ni yule ambaye bado hajachagua, na miaka inapita.

Kwa yule binti nimeandika maswali ya kwenda nayo kwa profesa wake kabla ya kutia sahihi, nami nayaweka hapa kwa faida ya wengine walio katika hali yake. Ni wanafunzi wangapi ambao profesa huyu amewafikisha hadi kutetea tasnifu, na iliwachukua miaka mingapi? Aongee nao wenyewe, profesa asiwepo. Ni nani atakayelipa kemikali na vipimo mwaka wa tatu, mradi wa kwanza ukiwa umekwisha? Maabara ina umeme saa ngapi kwa siku, na jenereta ni ya nani? Saa za kufundisha zitakuwa ngapi kwa wiki? Sampuli zikipelekwa nje ya nchi, jina lake litaandikwa wapi katika makala? Na akipata mimba katikati ya kazi, nafasi yake italindwa au la? Hilo la mwisho aliona haya kuliandika. Mjomba ndiye aliyesema liandikwe, kisha akauliza tena kama kweli maji ya kisima hicho ndiyo hayohayo yanayonywewa nyumbani kwa dada yake.